Diski Namba 7, Ngamia wa Mkopo na Duara la Subac

Garissa ni mji wa joto, na diski hazipendi joto. Niliwahi kuhudumia seva katika taasisi moja mjini humo, ndani ya chumba kisicho na dirisha, chenye viyoyozi viwili vilivyofanya kazi kwa zamu na jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta kila umeme ulipokatika. Seva zilikuwa tatu. Kila moja ilibeba diski nane, na zote 24 zilifanya kazi kama ghala moja chini ya programu iitwayo Ceph. Asubuhi moja ya msimu wa mafuriko ya 2024 nilikuta taa ndogo ya diski namba 7 imegeuka kutoka kijani kuwa njano. Watu walikuwa wakifungua mafaili yao kama kawaida. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Jioni nilikaa na mzee mmoja tuliyezoeana, mfugaji wa upande wa Balambala aliyekuwa mjini kwa shughuli za soko la mifugo. Nilimwambia, "Adeer," yaani ami, "leo tumefiwa na chombo kilichobeba kumbukumbu za watu, na hakuna kilichopotea." Hakushangaa.

"Vyote vilikuwa mahali pamoja?"

"La. Kila kitu kina nakala tatu, na kila nakala iko katika seva yake."

"Basi hamjafiwa, mwanangu," akasema. "Mmeingia deni."

Neno hilo limenikaa kichwani tangu jioni hiyo, na ndilo ninalotumia hapa kupimia mapokeo matatu ambayo ni nadra kuwekwa kwenye ukurasa mmoja: hifadhi ya data iliyosambazwa, ufugaji wa Wasomali na Waborana wa kaskazini ya Kenya, na uhifadhi wa Kurani kwa moyo. Yote matatu hutawanya kile yanachokithamini ili kifo cha mmoja kisiwe kifo cha wote. Lakini kutawanya ni nusu ya kazi. Nakala moja ikipotea, mbili zilizobaki hubeba kazi ya tatu, na lazima pawe na utaratibu wa kuamua deni hilo litalipwa na nani, lini, na kwa kasi gani. Naamini wafugaji na wasomaji wa Kurani walilifikiria suala la kasi kwa kina kuliko sisi mafundi, na kwamba tunapobadilisha diski vibaya huwa tumekosea pale pale wao walipokwisha kuonya.

Upande wetu historia ni fupi. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walionyesha jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana ili kufa kwa moja kusiwe msiba. Mwaka 2003 watu wa Google walieleza mfumo wao wa mafaili, uliokata data vipande vya megabaiti 64 na kukiwekea kila kipande nakala tatu. Kisha mwaka 2006 Sage Weil, akiwa Chuo Kikuu cha California pale Santa Cruz, akaandika juu ya Ceph na juu ya CRUSH, ambayo ni kanuni ya kukokotoa kila kipande kikae kwenye diski zipi.

Inafaa tusimame kidogo kwenye CRUSH. Mifumo mingi ya zamani ilikuwa na daftari kuu: ukitaka kitu, unauliza daftari kiko wapi. Daftari likiungua, ghala zima linakuwa na mali isiyojulikana ilipo. Ceph haiweki daftari la namna hiyo kwa kila kipande. Mteja hupewa ramani ya klasta, yaani kundi zima la seva na diski zake, na kwa kutumia jina la kitu na ramani hiyo hukokotoa mwenyewe ni diski gani inayowajibika. Kila anayekokotoa, popote alipo, hupata jibu moja.

Nilipolielewa jambo hilo mara ya kwanza, nilikumbuka abtirsi. Mtoto wa Kisomali hufundishwa mnyororo wa majina ya baba zake angali mdogo, jina juu ya jina, mpaka kwa mzee wa ukoo. Wageni wawili wakikutana kisimani, kila mmoja hutaja wa kwake, na pale majina yanapokutana ndipo unapojulikana ukaribu wao: nani ana haki ya kunywesha hapa, nani atachangia mag, yaani fidia, damu ikimwagika. Mag ya mwanamume, kwa hesabu ya zamani, ni ngamia 100, na hakuna nyumba moja inayotarajiwa kuwatoa wote. Hugawanywa kwa kundi zima la waliofungamana kulipa pamoja. Hakuna ofisi inayotunza orodha ya nani anadaiwa kiasi gani. Jina linatosha, na hesabu hufanywa papo hapo. Kuna tofauti, nayo ni nzito. Kanuni ya CRUSH haina uadui na mtu, ilhali mnyororo ule ule wa majina unaomwambia mtu nani atamsaidia ndio uliotumika mara nyingi kumwambia nani apigane naye. Nimeona watu wakiusifu kana kwamba una upande mmoja tu.

Sasa turudi kwenye diski yenyewe, na namna kifo chake kilivyojulikana. Diski za klasta, au tuseme programu ndogo zinazozisimamia, husalimiana kila sekunde chache. Moja isipoitika kwa muda wa sekunde 20 hivi, majirani hupeleka habari kwa wasimamizi, ambao nao ni programu. Habari ya jirani mmoja haitoshi. Mpangilio wa kawaida wa Ceph unataka mashahidi wawili, tena wa seva mbalimbali, kwa sababu jirani wa seva moja anaweza kuwa yeye ndiye mwenye kebo mbovu. Wakishuhudia wawili, diski huandikwa kuwa imeanguka. Hata hivyo haijatolewa kundini. Kwa dakika 10 nafasi yake huachwa wazi, ikisubiriwa. Huenda seva imewashwa upya, huenda umeme umekatika na jenereta haijashika. Dakika 10 zikipita kimya, ndipo inapotolewa na mali yake kuanza kugawanywa upya kwa waliobaki.

Fiqhi ya Kishafi, ambayo Wasomali na Waswahili wengi huifuata, ina mlango mzima juu ya mafqud, mtu aliyepotea bila habari. Mali yake hairithiwi kwa sababu tu amechelewa kurudi. Husubiriwa mpaka kifo chake kithibitike, au mpaka upite muda ambao kwa kawaida mtu hawezi kuishi zaidi yake. Sababu inaeleweka na kila aliyewahi kuona urithi uliogawanywa kabla ya wakati: mwenye mali akirudi, hakuna njia ya kurudisha vitu mahali pake bila kuumiza watu mara ya pili. Ndivyo ilivyo kwa klasta. Ukiitoa diski kundini haraka, terabaiti kadhaa zinaanza kusafiri. Diski ikizinduka baada ya nusu saa, zinaanza kusafiri kurudi. Mtandao umechoka, watumiaji wamesubiri, na hakuna faida iliyopatikana.

Kwa hiyo mafundi wengi hufundishwa hivi: ikiwa unajua diski imekufa na unayo nyingine mkononi, weka bendera ya kuzuia kutolewa, badilisha, ondoa bendera, data isafiri mara moja tu. Ni ushauri mzuri kwa mtu aliye Nairobi. Kwa aliye Garissa lazima upimwe upya.

Diski ya akiba hatukuwa nayo. Iliyokuwapo ilitumika miezi michache nyuma na aliyepaswa kuagiza nyingine hakuagiza. Ya kununua ilikuwa Nairobi, kilomita zipatazo 370, na Mto Tana ulikuwa umefurika. Barabara ilifunikwa na maji pale Mororo, ng'ambo ya mji, kama ilivyokuwa kwenye mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. Watu walikuwa wakivushwa kwa boti, na mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ilizama pale Kona Punda, watu wakafa. Sikuwa tayari kumwambia mtu yeyote avuke yale maji na diski kwenye begi. Tungesubiri.

Kusubiri na bendera imewekwa kungemaanisha kukaa wiki nzima au mbili huku maelfu ya vipande vikiwa na nakala mbili badala ya tatu. Hiyo ni kamari. Tuliamua kutoweka bendera. Tuliiacha klasta ijitibu yenyewe kwa nafasi iliyokuwa nayo.

Na hapa ndipo nafasi ilipodhihirisha thamani yake. Katika klasta ya seva tatu yenye kanuni kwamba kila nakala ikae seva yake, mzigo wa diski iliyokufa hauwezi kugawanywa kwa zote 23. Seva ya pili na ya tatu tayari zina nakala zao. Nakala inayokosekana lazima ijengwe ndani ya seva ile ile ya kwanza, kwa ndugu saba waliobaki wa nyumba hiyo. Kama kila moja imejaa asilimia 80, mzigo wa nane ukigawanywa kwa saba unazifikisha zaidi ya asilimia 91, na Ceph kwa mpangilio wa kawaida hukataa kumimina data kwenye diski iliyopita 90. Matibabu yanasimama katikati. Zetu zilikuwa asilimia 60. Zilipanda karibu 69 na kazi ikaisha usiku ule ule.

Waborana huacha kalo, eneo la nyasi lililotengwa kwa ndama, ambalo ng'ombe wakubwa hawaruhusiwi kulikanyaga hata kama linaonekana kupotea bure. Mgeni akipita huona nyasi ndefu na wanyama wenye njaa upande wa pili wa ua, na huona uzembe. Mhasibu akipita kwenye chumba cha seva huona asilimia 40 ya diski tupu na huuliza kwa nini fedha zimelala. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo nikiitetea nafasi tupu kwa saa nzima.

Ufugaji wenyewe hutawanya kwa njia yake. Familia ya Kisomali yenye ngamia hukaa na wale wanaokamwa, irmaan, karibu na nyumba na watoto. Waliobaki huenda mbali wakiwa na vijana, wakifuata mvua mahali ambapo kina mama na mbuzi hawawezi kufika. Kati ya waliobaki nao wengine wako kwa watu. Kwa irmaansi mwenye nacho humpa mhitaji mnyama anayekamwa: maziwa ni ya mhitaji, mnyama bado ni wa mwenyewe. Waborana wana dabare, mkopo wa ng'ombe unaoweza kudumu miaka mingi, na wana buusa gonofaa, ambapo ukoo humchangia aliyefilisika wanyama wa kuanzia tena. Ukimuuliza mzee ana ngamia wangapi hatakutajia. Kuhesabu mali ya mtu hadharani ni utovu wa adabu. Lakini tuseme angetaka kukujibu: jibu lingekuwa ramani, na baadhi ya sehemu za ramani hiyo zingekuwa watu.

Kulinganisha huku kuna mpaka wake. Nakala tatu za kipande kimoja cha data ni kitu kimoja. Ukiipata yoyote umepata yote. Ngamia aliye Wajir si nakala ya ngamia aliyekufa Balambala. Ana rangi yake, tabia yake, mama yake. Mfugaji halindi mnyama mmoja mmoja. Analinda uzao, ili baada ya ukame kubaki mahali pa kuanzia. Na mkopo wake hufanya kazi ambayo diski haiwezi kuifanya: unamfunga mkopaji na mkopeshaji. Aliyepewa ngamia wa maziwa mwaka wa shida atakumbuka. Diski namba 3 haikumbuki kwamba ilibeba mzigo wa namba 7. Mzee wangu alipotamka deni alikuwa na maana hiyo pia, na ni sehemu ambayo mashine zetu hazina.

Kuna jambo ambalo mapokeo haya mawili, ya diski na ya mifugo, yanalihofu kuliko kifo cha mmoja: kukusanywa. Kuanzia 1966, wakati wa vita vya Shifta vilivyodumu kuanzia 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD) pamoja na mifugo yao katika vijiji vilivyolindwa. Waborana wa Waso, upande wa Isiolo, wanakiita kipindi hicho Gaafa Daaba, siku za kusimamishwa. Watu walioishi kwa kutembea walizuiwa kutembea. Malisho ya karibu yaliisha, magonjwa yakapita zizi hadi zizi, wanyama wengine walipigwa risasi. Gudrun Dahl, aliyeandika juu ya Waborana hao kitabu kilichotoka 1979, aliwakuta wengi wakiwa hawana ng'ombe tena. Utaratibu wa kuchangiana haukufaa kitu, kwa kuwa hapakuwa na ndugu aliyekuwa mahali pengine. Fundi wa klasta hulijua kosa hili kwa umbo lake dogo: nakala tatu zilizowekwa kabati moja, kwenye waya mmoja wa umeme. Kwenye karatasi ni tatu. Moto ukiwaka ni moja. Najua kuwa naweka msiba wa watu karibu na hitilafu ya vyombo, na sitaki visawazishwe. Nimeuweka hapa kwa sababu aliyepitia Gaafa Daaba hahitaji kuelezwa maana ya kutenganisha mahali pa hatari, na wanaochora mipango ya vituo vya data Nairobi wangefaidika kumsikiliza.

Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua iliyoshindwa mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Uliwapata waliotawanya na ambao hawakutawanya, maana eneo lote la Pembe ya Afrika lilikauka pamoja. Hakuna idadi ya nakala inayotosha ikiwa zote ziko chini ya mbingu moja.

Mapokeo ya tatu ndiyo niliyachelewa kuyaona, ingawa nilikuwa nikiyasikia kila Ramadhani. Baada ya swala, katika misikiti na duksi (vyuo vya Kurani) za Garissa, watu huketi duara kwa subac. Hawana msahafu mkononi. Mmoja husoma aya, wa pembeni yake husoma inayofuata, na mwingine inayofuata, mpaka duara lizunguke na kuzunguka tena. Nilikaa kando ya duara moja usiku mmoja, karibu na mzee wa macho hafifu na kijana wa miaka kama 13 aliyekuwa akitikisika mbele na nyuma. Kijana alibadilisha herufi moja ya mwisho wa neno. Sauti tatu zilimkumbusha kwa pamoja, kwa upole, hata kabla hajavuta pumzi. Alirudia, duara likaendelea. Mzee hakugeuza uso.

Ceph nayo hujikagua hivyo. Kila siku hupitia vipande ikilinganisha orodha na ukubwa wa nakala, na kila wiki husoma data yenyewe baiti kwa baiti na kuilinganisha na nakala nyingine. Kwa sababu diski mara nyingi haifi ghafla. Hubadilisha herufi moja ya mwisho wa neno, na asiyeulizwa hatajua kuwa amekosea. Klasta isiyokaguliwa inaweza kuwa na nakala tatu ambazo moja imeharibika tangu mwaka jana, na ukweli huo ukajitokeza siku ile nyingine mbili zinapokufa.

Washairi wa Kisomali waliweka ukaguzi ndani ya shairi lenyewe. Kabla ya 1972, Kisomali kilipopata hati rasmi, mashairi makubwa yalisafiri kwa vichwa vya watu walioyahifadhi neno kwa neno na kumtaja mtunzi kila walipoyasema. Shairi zima hushikwa na herufi moja, na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa herufi hiyo. Mstari ulioharibika hujitangaza. Sisi tulio upande wa pwani tuna vina na mizani: kipande chenye mizani saba kwenye utenzi wa mizani nane humkwaza msomaji hata kama maana haijaharibika. Hifadhi za data zinazotumia vipande vya ziada badala ya nakala kamili, ambapo data hukatwa vipande vinne na kuongezewa vipande viwili vya hesabu, ni binamu wa vina hivyo. Kile cha ziada hakileti habari mpya. Kipo ili pengo lijulikane, na kwa upande wa hesabu, lizibike.

Duara la subac lina jibu la deni ambalo naliona kuwa la haki kuliko yote. Mmoja asipokuja, anayefuata husoma aya yake. Duara la watu 12 likibaki na 11, kila mmoja anafikiwa na zamu mapema kidogo. Hakuna anayebeba aya zote za aliyekosekana.

Ila duara nalo linaweza kupungua kupita kiasi. Waislamu wanakumbuka vita vya Yamama, muda mfupi baada ya Mtume kufariki, walipouawa wasomaji wengi kwa wakati mmoja. Umar ndiye aliyeingiwa na hofu na kumwendea Abu Bakr, na kazi ya kukusanya ikapewa Zayd bin Thabit. Zayd alikuwa amehifadhi. Angeweza kuandika kutoka moyoni mwake na pengine asikosee. Kwa mapokeo yaliyotufikia, alitaka kila kilicholetwa kwa maandishi kishuhudiwe na watu wawili. Imani ya Muislamu ni kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi wa Kitabu chake, na sidai kuieleza imani hiyo kwa lugha ya seva. Ninachokitazama ni mwenendo wa Zayd: wakati wa hofu, kazi ikiwa ya haraka, alichagua njia ya polepole.

Diski yetu ilifika baada ya siku 16, maji yalipopungua. Kabla ya kugusa chochote tuliuliza klasta kama ni salama kuifuta namba 7, ikajibu kuwa hakuna kipande kinachoitegemea. Tuliifuta kwa njia inayolibakiza jina lake, ili mpya irithi namba ile ile na nafasi ile ile kwenye ramani. Ukiliondoa jina kabisa ramani hubadilika, na vipande visivyohusika navyo huhama. Tukaweka bendera ya kuzuia kutolewa kwa muda wa kazi ya mikono.

Mwenzangu akachuchumaa mbele ya seva. Trei zilikuwa zimepangwa kuanzia sifuri, lakini kibandiko kilikuwa kimebanduka kwa joto. Alihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akafika saba, akabonyeza, akavuta. Namba 7 ni ya nane. Aliyokuwa ameishika mkononi ilikuwa namba 6, nzima, bado ya moto, ikizunguka kwa msukumo wake wa mwisho. Nilihisi uzito wake unavyoyumba nilipoipokea, kama kitu kilicho hai.

Hakuna kilichosimama. Vipande vyote vya namba 6 vilikuwa na nakala mbili nyingine, kwenye seva nyingine mbili, na mbili ndiyo idadi ambayo Ceph huikubali kuendelea kuandika. Ingekuwa hatukuiacha klasta ijitibu siku zile 16, na mwenzangu akavuta kwenye seva ya pili badala ya ya kwanza, vingekuwapo vipande vilivyobakiwa na nakala moja, na mfumo ungekataa kuandika juu yake mpaka ya pili irudi. Tuliirudisha baada ya dakika nne. Iliuliza wenzake kilichobadilika wakati haipo, ikajifunza hicho tu, kama mwanafunzi wa duksi aliyekosa siku mbili: maalim hamrudishi mwanzo wa juzuu.

Ilipoingia diski mpya, kasi ikawa ndiyo mjadala. Ilikuwa ya terabaiti 8, na sehemu yake ya mzigo ni kama 4.8. Kwa megabaiti 150 kwa sekunde, ikifanya hilo peke yake, ni karibu saa tisa. Siku ya kifo mzigo ulitoka kwa wengi kwenda kwa saba, ukaenda upesi. Sasa wote wanamimina kwenye mlango mmoja. Mkubwa wetu alitaka tuongeze kasi yaishe kabla ya saa sita mchana. Nilikataa, na bado nadhani nilikuwa sahihi. Zizi lililofilisika likiletewa mbuzi 30 siku moja, malisho hayajapona, nusu watakufa na waliochanga watakuwa wamepoteza pia. Wafugaji huanza na mbuzi anayebeba mimba miezi 5, ng'ombe huja na miezi yake 9, ngamia na 13 yake, na nyumba husimama tena kwa miaka. Tuliiongeza kasi kila usiku baada ya Isha na kuipunguza kabla ya saa mbili asubuhi watu wanapoingia ofisini. Ilichukua usiku tatu.

Ilibaki maiti. Diski iliyokufa bado ilikuwa na majina, namba za vitambulisho na barua za watu ndani yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haisemi kwamba kilichoharibika si cha mtu tena. Tuliipeleka kwa fundi chuma wa jirani na kusimama naye akitoboa matundu matano mpaka sahani zikapasuka, tukaandika tarehe na namba yake kwenye kitabu.

Karibu na karakana ile kuna duksi. Ulikuwa wakati wa kumaliza somo, na watoto walikuwa wakiosha mbao zao, loox, baada ya maalim kuridhika kwamba kilichoandikwa sasa kimo moyoni. Wino wa masizi uliyeyuka polepole. Maji hayo hayamwagwi njiani; huku kwetu pwani yangeweza kuitwa kombe na kunywewa. Mtoto mmoja aliyabeba ndani ya bakuli kwa mikono miwili, akayamimina chini ya mti ambapo watu hawapiti, akasimama akingoja ubao ukauke.